Nimerara Nikisuka

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri wengine wanisifu nitazeeka bure. Kiswahili changu kimenyooka. Nimezaliwa Bukiriro, wilaya ya Ngara, katika nyumba ambayo Kihangaza kilitawala tangu jikoni mpaka shambani, lakini ukinisikia kwenye simu hutajua. L yangu ni l na r yangu ni r. Hilo halikuja hivi hivi. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzetu tukariri: ninalala, nimelala, nitalala. Aliyesema "ninarara" alirudi mwisho wa mstari, na mstari wenyewe ulikuwa mrefu. Siku ya kwanza nilirudi mara nne, machozi yakinitoka kwa hasira. Siku ya pili sikurudi, na tangu hapo sijarudi tena.

Nayasema haya mjue kosa ninalotaka kulisimulia lilitoka wapi. Lilitoka kwenye unyoofu huo huo.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nesi katika hospitali ndogo iliyo kando ya barabara, upande wa Biharamulo, si mbali na Nyakahura. Malori ya mahindi na maharage yalipita mbele ya lango letu mchana kutwa kwenda makambini Ngara, na vumbi lake tulilinywa na chai. Wodini walilala wenyeji na wakimbizi bega kwa bega. Kitanda hiki Kirundi, kile Kisubi, kile Kihangaza, na wote tukakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na chake.

Ndipo akaja yule daktari. Hakuwa mgeni kabisa. Alizaliwa Biharamulo mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, akaenda kusoma mbali, akarudi na maboksi manne ya plasta. Kiswahili chake, jamani! Kilitoka mdomoni kimeshapigwa pasi. Siku ya kwanza tu alinitania mbele ya watu: "Sista, nimeambiwa wewe ni wa Ngara. Haya, niambie, unakula wali au unakura wari?" Watu wakacheka. Mimi nikamjibu, "Daktari, mimi nakula ninachopewa, ila natamka vizuri kuliko wewe." Wakacheka zaidi. Lakini moyoni niliapa kwamba mtu huyu hatasikia r isiyo mahali pake ikitoka kwangu wala kwenye karatasi yangu.

Zile plasta zilikuwa za kujaribiwa. Ndani yake mlikuwa na dawa kali ya maumivu, ya ukoo wa mofini, ambayo inapenya ngozi pole pole kwa siku tatu, halafu unabandua na kubandika nyingine. Wagonjwa waliziita viraka. Dawa hiyo ilizoeleka kwa wenye saratani, ila daktari alitaka kujua kama ingewafaa watu wenye maumivu ya miaka ambayo si ya saratani: mzee wa Kirushya aliyeanguka na mkungu wa ndizi mgongoni na mgongo usimsamehe tena, watu waliobaki na vipande vya chuma mwilini, na waliokatwa miguu au mikono ambao kidonda kimepona lakini uchungu haukuambiwa.

Aliwaeleza bila kuficha, na mimi nikarudia kwa Kihangaza, ambacho Warundi walikielewa vizuri. Viraka viko vya aina mbili na kwa macho havitofautiani. Vingine vina dawa, vingine vina gundi tupu. Kila mgonjwa atapata vya aina zote mbili kwa kupokezana, na hakuna atakayejua cha leo ni kipi, si mgonjwa, si mimi, si daktari mwenyewe. Zamu ya kila mmoja imeandikwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, itafunguliwa mwisho. Anayetaka aweke dole gumba, asiyetaka ataendelea na vidonge kama kawaida. Atakayefika mwisho, na ikaonekana dawa inamfaa, ataendelea kupewa.

Kazi yangu niliifanya barabara, na nalisema bila aibu. Nilihesabu pumzi za kila mgonjwa, maana dawa ile ikizidi humfanya mtu asahau kuvuta hewa. Niliwafukuza wote karibu na mafiga, kwa sababu joto hukamua dawa yote kwa mara moja. Jasho lilipobandua kiraka nilikizungushia kitambaa cha pamba. Vilivyotumika nilivikunja gundi kwa gundi na kuvifungia ndani ya mkebe, asije mtoto akachezea. Hakuna mgonjwa wangu hata mmoja aliyepata madhara makubwa.

Sasa swali. Daktari aliona mapema kwamba ukiwauliza watu wetu kama wanaumia, hupati kitu. Mtu amekuletea dawa kutoka mbali, utamwambiaje usoni kwamba haifai? Ni utovu wa adabu. Wote walijibu "afadhali kidogo," hata yule aliyekuwa anauma shuka. Basi daktari akasema tutapima kwa usingizi. Mwenye maumivu makali halali, anayepata nafuu hulala, na usingizi hauna adabu. Na kila mtu aulizwe kwa maneno yale yale, kwa Kiswahili, ili majibu yalingane. Akanipa kalamu niandike mimi. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, herufi zimelala upande mmoja: *Je, usiku umelala?*

Daktari akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo, sista, hata bibi yangu angekupa heko." Nilitembea siku nzima kama niliyevikwa taji.

Kila asubuhi nilipita kitanda hadi kitanda na karatasi zangu. "Umelala?" Na wao, "Nimerara." Mmoja baada ya mwingine, nimerara, nimerara. Nami, kwa huruma ya mwalimu, nilikuwa nawarekebisha pale pale. "Si nimerara, mzee. Sema nimelala." "Haya, nimerara," anasema, tunacheka, na mimi naandika safi kabisa: *Amelala.*

Kitanda cha sita kilikuwa cha mama mmoja Mrundi, umri wa mama yangu mzazi. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya safari ya kuvuka mpaka. Kisigino kilichokatwa ndicho kilichomuuma. Alisema kuna mtu anakipigilia msumari, anapumzika kidogo, anaanza tena. Wengi walimwona mwendawazimu. Mimi sikumwona hivyo, kwa sababu nilishawahi kumkuta akinyoosha mkono kukikuna kisigino hicho, halafu akakumbuka, akaurudisha mkono taratibu. Nilitoka nje nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Nilimpenda, sina cha kuficha. Nikimwambia "Shikamoo mama," ananiitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya mtu aliyekuwa na mji wake na watu wake. Chini ya mto alikuwa na kikapu anachokisuka kwa nyasi, cha mviringo, cha kwao. Mchana hakukigusa. Mchana alikuwa akisinzia kwa vipande, au akijivuta na mkongojo mpaka kwenye kijishamba cha mchicha nyuma ya wodi. Nilimuuliza kwa nini hakisuki mchana, akasema hicho ni kikapu cha usiku. Nikadhani ni jina tu la aina ya kikapu, kama watu wanavyosema kikapu cha sokoni. Wala sikuuliza tena. Mwenye Kiswahili kilichonyooka!

Tuliendelea hivyo kutoka palizi mpaka mavuno. Jumatano moja daktari akaniita ofisini. Karatasi zote zilikuwa mezani mbele yake, na uso wake haukuwa na utani.

"Sista, tazama," akasema. "Huyu amelala. Huyu amelala. Siku zote, kwa kila kiraka, kila mtu amelala. Kiraka cha gundi tupu lazima kimo humu, na watu wamelala nacho vile vile. Maana yake dawa haina kazi hapa. Hawa watu hawana maumivu ya kuwakosesha usingizi."

"Hawana maumivu?" nikasema. Sauti yangu ilipanda bila ruhusa yangu.

"Karatasi ndizo zinazosema. Na umeziandika wewe. Ijumaa gari linakwenda Mwanza, maboksi yatarudi nalo. Siwezi kumbandika mtu dawa kali ya aina hii kama haimsaidii."

Nilitoka nikiwa nimevimba kwa hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na mtu wa kumwangukia. Daktari alikuwa anasema kweli: karatasi ni zangu, mwandiko ni wangu. Nikaenda moja kwa moja kitanda cha sita kumwambia mama kwamba viraka vinaondoka. Nilimkuta ameketi, macho mekundu, kikapu mapajani. Kilikuwa kimeongezeka. Jana yake kimo chake hakikufika kiganja, leo kimepita.

"Mama," nikamtania, ili nisianze na habari mbaya, "kikapu chako kimeota usiku kama uyoga."

Akajibu, "Nimerara nikisuka."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumrekebisha. Sema nimelala, mama. Nimelala nikisuka. Nikaisikia sentensi hiyo kichwani mwangu kabla haijatoka, na haikuwa na maana yoyote. Nani analala huku anasuka?

Weee! Nikaketi kitandani kwake, jambo ambalo nesi haruhusiwi kulifanya. Nilikuwa Mhangaza kabla sijawa kitu kingine chochote. Kwetu, kama kwa Warundi, *kurara* si kupata usingizi. Kurara ni kukaa mahali mpaka kukuche. Unaweza kurara msibani, unaweza kurara njiani, unaweza kurara unalia. Kufumba macho na kupotea usingizini kuna neno lake, *gusinzira*. Mimi nimekuwa nikiwauliza watu wenye misumari kisiginoni kama usiku umepita na wao wapo, nao wananijibu kwa ukweli kabisa kwamba ndiyo, umepita, tupo. Kisha nikaifuta r yao, nikaweka l yangu, nikawalaza wote kwa kalamu.

"Mama," nikamuuliza sasa kwa Kihangaza, "tangu viraka vianze, umesinzira?"

Aliniangalia kama mtu aliyesubiri swali kwa muda mrefu. "Kuna viraka nasinzira," akasema. "Kuna viraka nasuka."

Nikamshika mkono. Akanigeuzia kikapu, akanionyesha mistari myeusi kati ya nyasi nyeupe. Kila nilipombadilishia kiraka, alikuwa anaingiza uzi mmoja mweusi, ili asipoteze hesabu ya siku. Nikaweka kidole. Kati ya mweusi na mweusi, mizunguko kumi na mmoja. Kisha mweusi, halafu miwili. Kisha mmoja tu. Kisha tisa, kumi. Kisha mmoja. Sikuhitaji daktari wa kunisomea hiyo.

Nilirudi ofisini mbio, kikapu kwapani, viatu mkononi maana vilinichelewesha, mama akinifuata nyuma na mkongojo wake, hataki kubaki. Nikamwambia daktari yote, nimesimama. Haikuwa rahisi. Mbele ya mtu yule niliyeapa hatasikia r kwangu, nilisimama nikamfundisha r. Nikamwambia, "Kosa ni langu. Wao walisema kweli, mimi ndiye niliyewarekebisha. Nifukuze ukitaka, ila maboksi yasiondoke."

Akasema, taratibu, "Sista, nakuamini. Lakini nitawaandikiaje wakubwa wangu? Kwamba nesi amebadili mawazo siku mbili kabla ya gari? Wataniuliza ushahidi uko wapi."

"Huu hapa," nikasema, nikaweka kikapu juu ya karatasi zake.

Nilimwonyesha nyuzi nyeusi. Alihesabu mwenyewe, mara mbili. Kisha akavuta droo, akatoa bahasha ya kitanda cha sita, akaiweka kando ya kikapu bila kuifungua.

"Nikiifungua hii," akasema, "mama huyu ametoka kwenye jaribio. Utaratibu ndivyo ulivyo. Mwenye bahasha iliyofunguliwa hahesabiwi tena, na niliahidi dawa kwa watakaofika mwisho. Ikiwa kikapu hakikubaliani na bahasha, atakuwa amepoteza, na wengine pia. Siwezi kuamua mimi. Muulize."

Nikamtafsiria mama neno kwa neno, na safari hii nilikuwa mwangalifu kama ninayebeba mayai. Sikumshawishi. Nilitaka sana aseme ndiyo na niliogopa sana aseme ndiyo. Ikiwa macho yangu yamenidanganya, ni yeye atakayerudi kwa yule mtu wa msumari, mimi ninarudi nyumbani kwangu kulala.

Mama hakufikiri hata kidogo. Alikitazama kikapu, akanitazama mimi, akasema, "Mwambie afungue. Mimi ndiye niliyesuka."

Lakiri ikapasuka. Daktari akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, mimi nikahesabu mizunguko. "Gundi." Kumi na mmoja. "Dawa." Miwili. "Dawa." Mmoja. "Gundi." Tisa. "Gundi." Kumi. Alipofika katikati aliacha kusoma, akavua miwani, akafuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Lo, sista," akasema. "Mimi nilizaliwa hapa Biharamulo. Nimekulia dukani, nasikia watu wakisema nimerara maisha yangu yote, na kazi yangu ikawa kuwacheka."

"Na mimi ya kwangu ikawa kuwasahihisha," nikamwambia. Tukacheka, na mama, asiyejua tunacheka nini, akacheka nasi.

Ijumaa gari liliondoka bila maboksi. Karatasi za zamani daktari alizipiga mstari mwekundu, akaandika kwa mkono wake kwamba swali lilikuwa na kosa, na kosa hilo limegunduliwa na nesi wa hospitali. Hakuandika kwamba lilifanywa na nesi huyo huyo. Nilimwambia aandike, akakataa. Tulianza upya na wote waliobaki. Safari hii kila mtu aliulizwa kwa lugha aliyonyonya, umesinzira au hukusinzira, na majibu yakaanza kutofautiana kama watu wanavyotofautiana. Wengine dawa iliwasaidia. Wengine iliwapa kichefuchefu na kuwafunga choo tu, wakaomba kutoka, tukawatoa. Mzee wa Kirushya aliniambia bila haya kwamba kiraka hakimfai kitu, na nilifurahi kama niliyepewa zawadi, maana kwa mara ya kwanza alikuwa ameniambia ukweli.

Na mama wa kitanda cha sita? Daktari alishika ahadi iliyokuwa imeshavunjika. Alisema mtu aliyethibitisha kwa mikono yake mwenyewe kwamba dawa inamfaa ametimiza kuliko kufika mwisho, akamwandikia viraka vya kweli, mfululizo, kwa jina lake. Nilimbandika cha kwanza mimi mwenyewe, begani, nikapapasa kingo zake zote zishike. Tangu siku ile sikumkuta tena na macho mekundu. Mchicha wake nyuma ya wodi ulistawi mpaka ukalisha jiko letu.

Aliondoka wakati wakimbizi wa kambi yao waliporudi kwao. Nilimfungashia viraka vilivyotosha, na barua ya daktari kwa hospitali atakayoikuta huko, inayoeleza kwamba dawa hii haikatwi ghafla, ipunguzwe kidogo kidogo. Lori lilikuwa limeshawashwa. Alinipa kikapu. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakigeuza, nikaona nyuzi nyeusi zote zilizotuokoa, na juu, baada ya uzi wa mwisho, mzunguko mmoja tu ulioishia njiani. Hakina ukingo. Nyasi zimening'inia kama nywele zisizochanwa.

"Mama, mbona hukukimaliza?" nikamuuliza kwa Kihangaza.

Alinitazama, akakusanya ulimi wake kama tulivyokuwa tukifanya mbele ya darasa kule Bukiriro, na akanijibu kwa Kiswahili changu, pole pole, l baada ya l:

"Nililala."